Jinzi kuchuja na kulika msambani: chumvi na siki zinasaidia kweli?

mkazi_wa_tabata

Habari zenu wakuu. Naomba wanaoelewa nguo wanisaidie, maana ushauri wa mtandaoni unagongana.

Jinzi ziko tatu. Moja mpya, bluu iliyokolea, pamba tupu, inachuja mno: imeshapaka rangi raba nyeupe na kitambaa cha kiti. Ya pili nyeusi, haijamaliza mwaka, imepauka ikawa kijivu chenye wekundu. Ya tatu ni ya kubana, lebo inasema pamba asilimia 98, elastane (nyuzi za mpira) 2, na imelika msambani pale mishono minne inapokutana. Haijatoboka, ila ukiishika unahisi imekuwa nyembamba.

Wapo wanaosema loweka na chumvi na siki usiku kucha rangi ishike. Wapo wanaosema usifue kabisa miezi sita, iweke tu kwenye friza. Hapa tunafulia kwenye beseni, maji ni ya kisima na yana chumvi, sabuni inatoa povu kwa shida. Na hiyo mpya ni ndefu kwa kama sm 5. Nikate sasa au nisubiri?

uzi_na_rangi

Mkuu, achana na chumvi. Bluu ya jinzi ni nili, na nili haiyeyuki kwenye maji. Kiwandani huibadilisha kwa kemikali mpaka iyeyuke, nyuzi zinachovywa na kutolewa hewani mara kadhaa, na kila zikitoka hewa inairudisha kuwa bluu. Kwa hiyo rangi inakaa tabaka juu ya tabaka kwenye ngozi ya uzi, ndani uzi unabaki mweupe. Ukitaka kuona mwenyewe, chomoa uzi mmoja wa bluu kwenye pindo la jinzi kuukuu, uzungushe kinyume na msokoto wake mpaka ufunguke. Moyo wake ni mweupe kama uzi wa pamba wa dukani.

Nili hiyo haijaungana na pamba kikemia, imeng'ang'ania tu. Kinachoing'oa zaidi ni msuguano: brashi, kusugua kitambaa kwa kitambaa, goti kwenye meza, pochi kwenye mfuko wa nyuma. Chumvi ina kazi yake kwenye rangi za aina nyingine, tena wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie ndani ya pamba. Kwa nili iliyokwisha kukauka juu ya uzi haifanyi lolote, na siki vivyo hivyo.

Kuloweka usiku kucha ndiko kubaya zaidi. Jinzi imefumwa kwa nyuzi za mtande za bluu, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio nyeupe, zinazokatiza. Rangi iliyolegea ikielea kwenye maji kwa saa nane inakwenda kukaa kwenye zile nyeupe. Asubuhi unatoa jinzi iliyofubaa, ya bluu-kijivu kote, na mtu anasema "angalau haikuchuja".

Hiyo mpya ina rangi ya ziada ambayo lazima itoke. Ifue peke yake mara mbili au tatu za mwanzo, maji baridi, ikiwa imegeuzwa ndani nje. Baada ya hapo itapungua sana kupaka vitu, ingawa ikilowa jasho au mvua bado inaweza kupaka kidogo. Mpaka hapo usikalie kiti cheupe. Raba zako ziwahi leo kwa brashi na sabuni ya vyombo, doa likikaa wiki linakuwa gumu.

Nyeusi ni habari nyingine. Jinzi nyeusi nyingi hutiwa rangi ya salfa, si nili. Adui zake wawili wakubwa ni jua na klorini, yaani jiki. Kijivu chenye wekundu mara nyingi ni dalili ya mojawapo, hata kama jiki yenyewe ilikuwa mabaki kwenye beseni lililofulia mashuka. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi: nyeusi ya salfa ikihifadhiwa mahali pa joto na unyevu kwa muda mrefu hutengeneza asidi kidogo kidogo, na asidi hiyo inakula pamba. Ndiyo sababu jinzi nyeusi iliyokaa sandukuni mwaka mzima inaweza kuchanika kama karatasi siku unayoivaa. Ihifadhi kavu kabisa, si kavu ya kuotea.

Kuhusu friza: baridi huwalaza bakteria, wengi hawafi, na jasho na mafuta ya mwili vinabaki palepale. Ushauri wa kutofua ulivuma mwaka 2014, pale Chip Bergh, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya jinzi ya Levi's, aliposema jukwaani kwamba jinzi aliyovaa haijawahi kuingia kwenye mashine ya kufulia. Baadaye alifafanua kwamba husafisha doa lilipo na hufua kwa mkono. Sehemu hiyo ya pili haikusambaa.

dobi_wa_kona

Mwenzangu hapo juu kamaliza ya rangi, mimi niseme ya beseni, kwa sababu jinzi nyingi zinafia huko. Barabarani inachakaa polepole. Kwenye beseni inapigwa brashi ngumu, inasokotwa, inachomwa na jua, yote kwa nusu saa.

Kwanza usifue kwa mazoea. Kwa joto la Dar na daladala, mara tatu hadi tano za kuvaa zinatosha kuifua. Arusha au Nairobi wakati wa baridi unaweza kufika nane hata kumi. Ila miezi sita usijaribu: vumbi lina chembe za mchanga, zinaingia kati ya nyuzi, na kila hatua zinakata kama msasa. Kati ya kufua na kufua, ikung'ute, iache juu ya kamba kivulini usiku mmoja, doa lifute kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya kufua, toa kila kitu mifukoni, ikung'ute ikiwa kavu (watu huruka hapa, halafu mchanga wote unaingia kwenye maji), funga zipu na kifungo, geuza ndani nje. Zipu iliyo wazi meno yake yanakwaruza kitambaa.

Beseni liwe na maji baridi lita 10 hadi 12 kwa jinzi moja. Sabuni ya unga vijiko viwili vya chakula, na ikoroge mpaka iyeyuke yote kabla nguo haijaingia. Punje isiyoyeyuka ikikaa kwenye kitambaa cheusi inaacha kidoa cheupe. Chagua sabuni ya nguo za rangi. Ile ya kung'arisha nyeupe ina vitu vinavyopausha, na vingine vinafanya bluu nzito ionekane imefifia. Ukiwa na ya maji, bora zaidi.

Loweka dakika 20, zikizidi 30 toa. Halafu usisugue jinzi nzima. Ikandamize kwa viganja, iinue, izamishe, kama unakanda unga laini, dakika tano hivi. Panaposuguliwa ni kiunoni kwa ndani, msambani na mapindo ya chini, tena kwa brashi laini ya nguo, upande wa ndani tu. Ile brashi ya sakafu ikipita mbele ya paja inaacha michirizi myeupe isiyorudi tena.

Suuza maji mawili au matatu. Kwa jinzi mpya usingoje maji yawe meupe kabisa, utasuuza mpaka jioni.

Usikamue kwa kusokota. Msokoto unaacha mikunjo mikali, kila mkunjo unasuguliwa juu na kupauka mstari, na kwenye jinzi ya kubana unakata nyuzi za mpira. Ikunje mara mbili, ikandamize pembeni mwa beseni, kisha itundike ikitiririka. Anika kivulini penye upepo, ndani nje, kiuno kikiwa wazi na mifuko imetolewa nje. Vitambaa vya miguu vinakauka haraka, mkanda wa kiuno na mifuko ndivyo vinavyobaki na unyevu, na hapo ndipo koga inapoanzia. Kabla ya kukunja, bana mkanda kwa vidole upande wa mshono wa nyuma. Ukihisi ubaridi, bado.

Sasa hapa natofautiana kidogo na mwenzangu: siki ina kazi kwenye maji yako. Si kushika rangi. Maji ya kisima yenye madini yakikutana na sabuni ya mche hutengeneza utando mweupe wenye mafuta-mafuta, unaganda kwenye kitambaa. Jinzi inakuwa ngumu, inanuka upesi, na nyeusi inaonekana imepauka kumbe imepakwa chokaa ya sabuni. Kwa maji hayo acha sabuni ya mche kwenye jinzi, tumia ya unga au ya maji. Na katika maji ya mwisho weka siki nyeupe nusu kikombe cha chai kwa lita 10, dakika tano, kisha suuza tena. Kama una maji ya mvua au ya bomba kidogo, yaweke kwa suuza hiyo ya mwisho.

TAHADHARI: siki na jiki visikutane kwenye beseni moja hata kwa bahati mbaya. Vinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

uzi_na_rangi

Nakubali hilo la utando, nililisahau. Mkuu wa Tabata, kabla hujaihukumu ile nyeusi, lowesha sehemu ya kijivu kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji. Ikikauka ikawa nyeusi zaidi ya jirani yake, tatizo ni mabaki ya sabuni, rangi ipo. Ila kwenye nyeusi siki isuuzwe itoke yote, kwa sababu ile ile ya asidi niliyoitaja.

sindano_namba16

Hiyo ya kulika msambani ipeleke kwa fundi wiki hii, usingoje shimo. Kitambaa kilichopungua unakishonea kiraka kwa ndani na hakionekani. Kilichotoboka unashona tundu, na linaonekana.

Namna ya kupima: vua, geuza, nyoosha msamba mbele ya dirisha. Mahali pazima mwanga haupiti. Palipolika utaona vitundu vya mwanga, na kwa karibu utaona nyuzi za bluu zimekatika zimebaki nyeupe zinazokatiza. Zile nyeupe zikibaki peke yake una siku chache tu, maana zenyewe hazikusokotwa kubeba mvuto wa hatua.

Pale panakufa kwanza kwa sababu mishono minne inaungana na kuwa uvimbe mgumu, mapaja yanasugua, jasho linalainisha, na suruali ikivaliwa chini ya kiuno kila hatua inavuta msamba kwenda chini. Kuivaa juu pale inapotakiwa kukaa kunapunguza sana.

Kiraka kitoke kwenye jinzi kuukuu nyepesi kuliko hiyo au sawa nayo. Kizito hakifai: kinabaki kigumu na kitambaa kinachanika kuzunguka ukingo wake, kiraka kizima, jinzi imekufa. Kwa jinzi ya kuvutika, kiraka nacho kivutike na mvutiko uelekee upande ule ule. Kifue kwanza, kisije kikajikunyata baadaye na kuvuta mshono. Kipite sehemu iliyolika kwa sm 3 kila upande, pembe zake ziwe duara, na nyuzi zake za mtande zifuate nyuzi za suruali. Usikunje ukingo kwa ndani, utakukwaruza mapaja. Piga zigizaga ukingoni ili usifumuke.

Shikiza kwa bandi ya mkono suruali ikiwa imetandazwa, si imevutwa. Kisha cherehani: sindano namba 16 kwa jinzi ya pamba, namba 14 kwa nyembamba ya kuvutika. Uzi wa poliesta wa kawaida unaofanana na rangi ILIYOPAUKA ya mahali pale, si rangi ya mfukoni. Achana na ule uzi mnene wa machungwa, ni wa mishono ya juu. Hatua ya mshono mm 2 hadi 2.5. Unakwenda mbele na kurudi nyuma kufuata mtande, mistari ikiachana mm 3 au 4, na kila mstari uishie mahali tofauti kidogo na mwenzake, mmoja upite ukingo wa kiraka kwa sm 1, mwingine kwa nusu. Mistari yote ikiishia sawasawa umetengeneza matundu ya stempu, na itachanikia hapo hapo. Kwa ya kuvutika tumia zigizaga nyembamba badala ya mstari ulionyooka, la sivyo uzi utakatika ukichuchumaa mara ya kwanza.

Fundi akikuambia atapiga gundi ya kitambaa na pasi tu, asante, nenda kwingine. Msamba una joto, jasho na kuvutika, gundi inabanduka.

Kuhusu kukata: USIKATE SASA. Jinzi hunywea zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Nyingi za dukani zimeshafanywa zinywee kiwandani na zitapungua hadi asilimia 3 hivi. Mguu wa ndani wa sm 80 unapoteza kama sm 2.4. Ile mbichi isiyopitia hatua hiyo inaweza kufika asilimia 10, yaani sm 8, na hapo sm 5 zako za ziada zimekwisha na umebaki na suruali fupi. Fua na kuanika mara mbili, kisha vaa na viatu unavyovaa siku zote, ndipo upime. Mwachie fundi sm 3 za kupinda.

Akifika kwenye mshono wa pembeni wenye matabaka mengi, kitambaa kipigwe nyundo kidogo kilainike, kadibodi iliyokunjwa iwekwe nyuma ya mguu wa cherehani ili ukae sawa, na gurudumu lizungushwe kwa mkono mpaka uvuke. Sindano nyingi zinakatikia hapo. Nyingine zinapinda bila kukatika, na mishono inaanza kuruka. Fundi mzuri anabadilisha mara moja.

mkazi_wa_tabata

Nimejaribu ile ya siki kwenye nyeusi. Kijivu kimepungua kwa nyuma, lakini magotini na mapajani bado. Kwa hiyo rangi imetoka kweli. Zipo rangi za unga za nguo zinauzwa sokoni, naweza kuirudishia? Na ile ya kubana magoti yamevimba, hayarudi. Kuna dawa?

jicho_la_mtumba

La magoti nijibu mimi. Kuvimba kwa kawaida kunarudi ikifuliwa na kukauka, pamba inajikaza. Kusiporudi, na ukiona vinywele vyeupe vya mpira vimechomoza juu ya kitambaa au kitambaa kinafanya mawimbi, nyuzi za mpira zimekatika. Hakuna dawa. Zinauawa na maji ya moto, jiki, na pasi ya moto sana, hasa ya mkaa maana haina kipimo. Jinzi ya kuvutika ikihitaji pasi, geuza ndani nje na weka kitambaa chenye unyevu juu yake.

Wanaonunua mitumba soko la Karume au Gikomba wapime hili kabla ya kulipa: vuta goti kwa mikono miwili kwa upana, hesabu hadi tano, achia. Likibaki na tumbo, rudisha kwenye rundo. Kisha msamba mbele ya mwanga kama fundi alivyosema, zipu ipande na kushuka mara tatu, na zungushia vidole kwenye ribiti za mifuko, vile vifungo vidogo vya chuma vya pembeni. Yenye kutu imeshaanza kula kitambaa kwa chini. Pindo la chini la nyuma nalo ni shahidi: likiwa limechanika ovyo, mwenye nalo wa kwanza alikuwa akilikanyaga, na mara nyingi msamba wake pia umechoka.

uzi_na_rangi

Nyeusi inarudishika, na hapa ndipo chumvi yako inapopata kazi. Rangi nyingi za pakiti za sokoni ni za aina inayoingia kwenye pamba kwa maji ya moto na chumvi. Soma pakiti, ikitaja chumvi na maji ya moto, ndiyo hiyo.

Fua jinzi kwanza iwe safi kabisa, usiikaushe. Rangi ikikuta mafuta au utando wa sabuni inashika mabaka. Sufuria iwe kubwa ya lita 10 hadi 12 za maji, nguo iogelee, na isirudi kupikiwa chakula. Kwa nyeusi weka mara mbili ya kiasi cha rangi kilichoandikwa, maana pakiti moja kwenye suruali nzito inatoa kijivu. Yeyusha rangi kwenye kikombe cha maji ya moto, chuja kwa kitambaa, mimina. Chumvi kikombe kimoja. Maji yawe karibu ya kuchemka, yanatoa mvuke bila kububujika, na koroga bila kuacha kwa dakika 10 za mwanzo, kisha kila baada ya dakika mbili au tatu mpaka nusu saa itimie. Mabaka mengi yanatokea dakika zile za mwanzo, mtu amekwenda kujibu simu. Acha ipoe humo humo, kisha suuza kwa maji baridi.

Mishono huwa ni uzi wa poliesta na hauingii rangi hii, utabaki ulivyo. Na usijaribu kwa ile ya kubana, moto huo utaimaliza.

Ikikauka, lowesha kitambaa cheupe na usugue mara kumi kwenye paja kwa ndani. Kikitoka na weusi, isuuze tena peke yake, na wiki za mwanzo usiivae na shati jeupe lililochomekwa.